Barua ya wazi kwa Mratibu wetu: huyo jamaa mnyang'anye ufunguo

Komredi Mratibu,

Nakusalimia kwa jina la mapambano, natumai uko salama wewe na familia. Naandika hapa mbele ya watu wote juu zile nilizokuandikia pembeni ziko na tiki mbili za bluu na hakuna jibu, na ile moja tu ulijibu uliweka ngumi na moyo. Mi sijui ngumi inamaanisha nini kwa mtu amekuambia mwenzake alimzibia mlango.

Pengine ningeendelea kunyamaza. Lakini Jumamosi kwa mkutano wa kupanga ukumbusho wa 25 Juni ukasimama ukaanza kusoma majina ya kamati, chakula fulani, mawakili fulani, ukafika usalama na malazi ukamtaja yeye. Yeye yule. Tena ukaongeza ati "huyu hatuhitaji kumtambulisha" na watu wakapiga makofi. Kweli hahitaji, wasichana wa hili vuguvugu wanamjua vizuri sana, wanamjua mpaka wanaambiana kimyakimya ukifika hapo usiku usikae peke yako, na ukiambiwa blanketi ziko chumba cha ndani sema husikii baridi. Hayo mafunzo hayako kwa ripoti mnawatumia wafadhili lakini ndo mafunzo ya kwanza msichana anapata akijiunga na sisi.

Kwa wale wanasoma na hawajui hii kazi, wacha nieleze. Ukishaandamana town, ukitoka hapo macho inawaka, matatu hakuna, alafu mtaani kuna gari hazina namba zinazunguka, kuna watu hawawezi kurudi kwao. Hasa tangu 2024, baada ya watu kuingia Bunge tarehe 25 Juni na kesho yake Rais akasema hasaini tena ule Mswada wa Fedha, tulisherehekea kidogo tu alafu watu wakaanza kubebwa usiku. Kwa hivyo kuna nyumba. Nyumba haisemwi iko wapi, simu unazima, hata mamako humwambii. Na mwenye ufunguo wa hiyo nyumba ndo anajua nani atalala wapi, nani atapewa nauli asubuhi, nani ataitiwa wakili na jina la nani litapelekwa apate pesa ya dharura.

Mnatuambia hatuna kiongozi. Hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama, hayo tuliyaimba sote na mi bado nayaamini. Lakini Komredi, ufunguo uko na mwenyewe. Listi iko na mwenyewe. Nauli iko na mwenyewe. Na huyo mwenyewe hakuchaguliwa na mtu, hana cheo mahali, ndo maana ukitaka kumshtaki unaambiwa ah, huyo ni komredi tu kama wewe, mnaweza kuongea. Tuongee nini na yeye ndo ameshika nauli yangu ya kurudi nyumbani?

Yaliyonipata nilikuandikia yote na sitayarudia hapa, mamangu ako na simu. Nitasema tu mguu ulikuwa umefura, sikuwa na hata shilingi ya kredo, akaniambia kitanda ni kimoja nikasema nitakaa kwa kiti, akacheka akasema komredi wa kweli haogopi mwili, hizo ni fikra za kibwanyenye. Akaegemea mlango. Nilitoka juu kuna kijana alikuja kugonga anatafuta choo. Hiyo ndo ilikuwa kamati yangu ya usalama siku hiyo, mtu amebanwa na mkojo.

Uliponiambia kwa simu nikupe wiki mbili utaunda kamati, nilikuwa nimesimama barabara ya Tom Mboya makanga wanapiga kelele lakini nilisikia kila neno, na nilikushukuru. Kamati ikaundwa, sikatai. Watu watatu, mmoja anakaa na yeye nyumba moja, mwingine walikuwa selo pamoja. Wakaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Wakaniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Alafu wakasema hakuna ushahidi wa kutosha na tusameheane kwa faida ya mapambano, kisha chai ikaletwa, na nadhani walitaka niimimine mi.

Na si ati haya mambo hamyajui. Si ni nyinyi mlitufundisha kwa darasa la itikadi, kila Alhamisi, historia ya vyama vya wafanyakazi duniani? Basi si mngetusomea pia ya Uingereza, chama cha Socialist Workers Party, msichana alipomshtaki kiongozi wa juu kwa ubakaji na chama badala ya kutafuta watu wa nje kikaweka kamati ya ndani, wengi wao watu wanaomjua mtuhumiwa miaka na mikaka, kamati ikamsafisha. Ilipojulikana 2013 mamia ya wanachama walitoka na hicho chama hakijawahi kurudi vile kilikuwa. Sasa sisi tunasoma vitabu vyao na kuiga mpaka makosa yao.

Tangu siku hiyo ya chai mi nimekuwa adui. Jina langu likatoka kwa mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, ile kitu nilingoja mwaka mzima. Nikatolewa grupu la uratibu bila salamu. Alafu ikaanza kusemekana ati mi ni mtu wa NIS, wale majasusi wa serikali, nimetumwa na system kuvunja vuguvugu. Mimi! Kazi ya saluni niliiacha juu ya haya maandamano, landlodi ameniwekea kufuli mara mbili, na mtu wa NIS si angekuwa analipa kodi jamani. Unajua vile hilo neno linaweza kufanyia mtu mtaani. Unajua na haukulikanusha, na hiyo ndo imeniuma kuliko hata ya mlango, ukweli usemwe.

Kwa ofisi kuna ile picha kubwa ya kina mama wa Freedom Corner. Mwaka 1992, Februari, wamama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park na Wangari Maathai wakagoma kula, wanataka watoto wao watoke jela, na polisi walipokuja kuwapiga tarehe 3 Machi wakavua nguo kuwalaani, Maathai akapigwa akazimia. Kila Siku ya Wanawake unasimama chini ya hiyo picha unatoa hotuba, sauti inatetemeka, watu wanalia. Mi pia nililia mwaka wa kwanza. Siku hizi nikiiangalia najiuliza hao wamama wangelala kwa nyumba yetu ama wangetafuta kwingine.

Na 27 Januari 2024 si tulikuwa wote bustani ya Jeevanjee, ile siku ya kupinga wanawake kuuawa? Huyo jamaa alikuwa mbele kabisa na megafoni, tisheti nyeusi, anapiga kelele acheni kutuua. Mwakilishi wa wanawake wa Nairobi alipofika kuhutubia tulimzomea mpaka akaondoka, tukamuuliza ulikuwa wapi. Sauti yangu ilikuwa hapo na yako pia. Basi Komredi nakuuliza lile swali tu. Ulikuwa wapi?

Sasa najua kuna mtu atakuja hapa chini aseme si uende polisi. Sheria naijua, nilikuwa najisomea hayo mafunzo kabla ya kukatwa jina. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, mtu mwenye mamlaka akikusumbua kila mara kwa mambo ya mapenzi na anajua hutaki, ni jela si chini ya miaka mitatu ama faini si chini ya laki moja, ama vyote. Hiyo sheria yenyewe ilipokuwa inajadiliwa bungeni mbunge mmoja alisema mwanamke wa Kiafrika akisema hapana anamaanisha ndiyo, wabunge wanawake wakatoka nje. Tunawacheka wabunge kila siku na hayo maneno nimeyasikia kwetu, yamesemwa na mtu amevaa tisheti ya Che. Lakini niende polisi niseme nini? Ulikuwa wapi usiku huo, ataniuliza. Kwa nyumba gani. Iko wapi. Na nani. Nikijibu nimewauza watu wote walijificha hapo, nikikosa kujibu sina kesi. Yeye analijua hilo. Naamini hiyo ndo ngome yake, siri yetu ya kujilinda na serikali ndo imegeuka blanketi lake. Na ile sheria ya ajira ya 2007 inayosema mwajiri wa watu ishirini kwenda juu lazima awe na sera ya haya mambo, mlisharuka, mkasema hapa hakuna aliyeajiriwa, sote ni wa kujitolea.

Kwa nini unamlinda? Mi nakisia tu. Wengine wanasema ni yeye ndo anaongea na wafadhili na akitoka anatoka nao. Wengine wanasema kuna kitu anajua kuhusu wewe, hilo sitaki kuliamini. Mi nafikiri ni lile kovu la mguu. Alipigwa risasi, alikaa selo, hiyo hakuna mtu atamnyima na hata mi nilikuwa hapo Pangani kumpelekea chai na mandazi. Lakini kama kuna mtu anadaiwa na yeye ni serikali. Si wasichana wa Kayole na Kisii.

Na hii ya "sio wakati mzuri, serikali itatutumia hii kutumaliza", wakati mzuri ni lini? Kabla ya 2024 ilikuwa tungoje maandamano yaishe, yakaisha ikawa tungoje waliobebwa wapatikane, wakapatikana ikawa tungoje ukumbusho. Serikali haihitaji mi kuandika. Wasichana wanaondoka wenyewe, angalia mkutano wa Jumamosi, hesabu wangapi wa mwaka juzi bado wako. Mnasema wamepata kazi, wameolewa. Ati wameolewa wote!

Nilikuwa na orodha ndefu. Kamati ya watu wa nje wenye mawakili wanawake, sera iandikwe, jina langu lisafishwe kwa lile grupu, nirudishwe kwa mafunzo, uniombe msamaha. Bado navitaka vyote na hilo la NIS silisahau. Lakini sahi, wiki hii, naomba kitu moja. Ufunguo. Mnyang'anye ufunguo. Mwache abaki na megafoni kama mnaipenda sana sauti yake, mwache apigwe picha, lakini ufunguo wa nyumba na pesa ya nauli visilale kwa mfuko wake. Wapeni wale wamama wawili wanaotupikia, hao hata polisi wakija wanafukuzwa na mwiko. Haihitaji kikao. Haihitaji mfadhili. Ni ufunguo, unatoka mkono huu unaingia mkono mwingine.

Namba yangu bado iko kwa lile bango la zamani, hakuna aliyekumbuka kuitoa. Kwa hivyo wasichana wananipigia mimi. Kuna mmoja wa Eldoret, kuna wawili wanatoka Mombasa na basi la usiku, wanauliza tu swali moja, tarehe 25 tutalala wapi. Nimewaambia wangoje kidogo. Ukishamnyang'anya, usinitumie inbox na usiniwekee ngumi, andika hapa hapa chini kwa jina nani anao ufunguo sasa, ndo nijue nawaambia nini.

Ni mimi,
yule aliyekuwa anaandika kumbukumbu za mikutano yako yote, na nakala bado ninazo.