Anayenunua chumba New York bila kutajiwa hoteli asome mpaka wa mtaa kabla ya bei

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wanaojiandaa kwenda New York: wajumbe wa kikao cha wanawake cha Umoja wa Mataifa mwezi Machi, wanaofuata Baraza Kuu mwezi Septemba, na wakimbiaji wa marathoni ya Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wengi sasa hawapiti kwa wakala. Wanajinunulia chumba kwa simu, na wanavutiwa na vile vya bei ya kutupa ambavyo jina la hoteli hulijui mpaka uwe umelipa. Ushauri wanaopeana ni wa bei na nyota. Mtaa wanautazama mwisho, ilhali ndio wangeanza nao.

Kwanza biashara yenyewe. Hoteli yenye vyumba vitakavyolala vitupu haipendi kupunguza bei hadharani, maana aliyelipa bei kamili atalalamika na kampuni zenye mkataba nayo zitadai punguzo hilohilo. Kwa hiyo huvitoa kwa tovuti itakayoficha jina. Tovuti ya Priceline ilianza mwaka 1998 kwa mtindo wa mteja kutaja dau: ulichagua mtaa, nyota na tarehe, ukaandika bei yako na namba ya kadi, na hoteli ilipokubali kadi ilikatwa papo hapo, hakuna kurudishiwa wala kubadilisha. Ilipokataa, dau lilelile hukulirudia mpaka saa 24 zipite, isipokuwa uwe umeongeza mtaa, umeshusha nyota au umebadilisha tarehe. Tiketi za ndege ziliondolewa katika mtindo huo mwaka 2016, na kwenye hoteli nako kinachotumika zaidi leo ni bei iliyotajwa na muuzaji huku jina likifichwa, kama Express Deals ya Priceline na Hot Rate ya Hotwire. Mnada umefifia, lakini mbuzi bado yumo ndani ya gunia.

Sasa hesabu unachokichagua wewe hasa. Jina hulijui. Kitanda hukichagui, unahakikishiwa chumba cha watu wawili, basi, na kama ni kitanda kimoja kikubwa au viwili utaelezwa mapokezini. Nyota nazo si za serikali. Marekani haina mamlaka ya taifa inayopanga hoteli kwa nyota kama tulivyo nayo hapa Kenya. Kila tovuti hujipangia zake, hoteli moja ikapewa tatu hapa na tatu u nusu pale. Kinachobaki mkononi mwako ni tarehe na mtaa, na tarehe mara nyingi imeshaamuliwa na mkutano.

Jina la mtaa kwenye tovuti ni la muuzaji, si la wakazi. Sisi wa Pwani tunalijua hilo: mgeni anauziwa hoteli ya "Mombasa", anashuka uwanja wa ndege wa Moi, ndipo anaambiwa avuke Likoni aendelee hadi Diani. New York ni vivyo hivyo kwa kipimo kidogo. Fungua ramani ya lile tangazo. Utaona umbo lililopakwa rangi, na hilo umbo ndilo unalonunua. Lifuate kwa kidole pembe kwa pembe, kisha ujiulize: hoteli ikiangukia pembe mbaya kuliko zote, nitaridhika? Kama jibu ni hapana, acha, hata bei iwe nusu ya nusu. Watu hukosea kwa kutazama katikati ya umbo, pale jina lilipoandikwa kwa herufi kubwa. Hoteli zinazohangaika kujaza vyumba mara nyingi ndizo zilizo pembeni, mbali na kile kilichoupa mtaa jina.

Mfano ni upande wa magharibi wa Midtown, eneo la katikati ya Manhattan, kisiwa kilicho kiini cha jiji. Umbo lake kwenye tovuti huweza kuanza karibu na Times Square na kufika Avenyu ya 11, jirani na mto Hudson. Aliye Avenyu ya 11, kwenye barabara zenye namba za hamsini na kitu (nazo huitwa mitaa), ana mwendo wa robo saa hivi, upepo wa mto ukimpiga, kufika treni za Avenyu ya 8. Mwezi Machi si mchezo. Kusini zaidi, kwenye zile za thelathini na kitu, hali ni nafuu tangu kituo cha Hudson Yards cha treni namba 7 kilipofunguliwa mwaka 2015.

Hapa niseme jambo kuhusu umbali wa Manhattan, maana ndilo linalowaponza wageni. Mitaa yenye namba hukata mashariki kwenda magharibi na imekaribiana: ishirini ni kama maili moja, yaani mita 80 hivi kutoka mmoja hadi mwingine. Avenyu hukata kusini kwenda kaskazini na zimeachana zaidi. Anayesoma kwamba yuko Avenyu ya 7 na Umoja wa Mataifa uko Avenyu ya 1 hutoa moja katika saba, akapata sita. Amesahau kwamba kati ya Avenyu ya 5 na ya 3 zimo tatu zenye majina badala ya moja yenye namba: Madison, Park na Lexington. Hatua ni nane, karibu kilomita mbili, nusu saa kwa miguu na viatu vya mkutano. Tena Avenyu ya 5 ndiyo mgawanyo wa anwani, kwa hiyo "Mtaa wa 46 Mashariki" na "Mtaa wa 46 Magharibi" ni pande mbili za mji zisizoonana.

Anayekwenda Umoja wa Mataifa basi achore mstari wake kuanzia mlango wa wageni, Mtaa wa 46 na Avenyu ya Kwanza, si kuanzia Times Square. Ubalozi wetu wa kudumu katika Umoja huo uko jirani, Avenyu ya Kwanza hiyohiyo, jengo namba 866 la United Nations Plaza. Mitaa ya kumfaa ni upande wa mashariki wa Midtown na Murray Hill iliyo kusini yake. Ila wiki ya marais mwezi Septemba nisingemshauri mtu atafute punguzo humo kabisa. Hoteli zimejaa, hakuna anayeficha jina lake kwa sababu hakuna chumba kinacholala kitupu, na magari huzuiwa Avenyu ya Kwanza na mitaa inayoingia humo, teksi ikakushusha mbali, wewe na sanduku lako.

Wiki hiyo, na hata Machi, namtuma ng'ambo ya mto wa mashariki (East River), Long Island City, katika Queens, wilaya ya jiji hilohilo. Watu wakisikia Queens hukunja uso. Lakini ni ng'ambo kama Likoni ilivyo ng'ambo, tofauti ni kwamba hakuna feri ya kusubiri. Kutoka kituo cha Court Square, treni namba 7 inafika Grand Central kwa vituo vitatu, na treni E inafika Lexington na Mtaa wa 53 kwa kituo kimoja tu. Treni E hiyohiyo ndiyo inayopita Jamaica, unakoshukia ukitoka uwanja wa JFK kwa AirTrain. Hata hivyo umbo la Long Island City nalo ni refu. Chumba kilicho hatua tano kutoka Court Square au Queens Plaza ni mali. Kilicho juu kuelekea Ravenswood, kati ya maghala na mitambo ya umeme, ni adhabu ya kila asubuhi. Na mwisho wa wiki namba 7 hufungwa vipande kwa matengenezo mara kwa mara, kwa hiyo pendelea hoteli yenye njia mbili za treni badala ya moja.

Usidanganyike na maumbo ya viwanja vya ndege. "JFK" ni hoteli zilizo kando ya barabara kuu, unangoja gari la hoteli, na kwenda mjini ni zaidi ya saa moja. LaGuardia haina treni kabisa. Ni basi la Q70 mpaka Jackson Heights ndipo upande. Newark ni jimbo jingine.

Mkimbiaji ana hesabu yake. Mbio huanzia Staten Island, na wengi hupelekwa kwa mabasi yanayoondoka mbele ya maktaba kuu, Avenyu ya 5 na Mtaa wa 42, au kwa feri ya bure kutoka Whitehall, ncha ya kusini ya Manhattan. Ndiyo maana wengine hukimbilia vyumba vya Wall Street, karibu na feri hiyo, ambavyo Jumamosi na Jumapili huwa rahisi kwa kuwa wafanyabiashara wameondoka. Wanafikiria asubuhi, wanasahau mchana. Mwisho wa mbio ni ndani ya Central Park, karibu na Mtaa wa 67, na kutoka hapo unatembezwa mwendo mrefu kabla ya kufunguliwa upande wa magharibi wa bustani. Miguu iliyokwisha kilomita 42 haitaki ngazi za kituo. Chagua Upper West Side, au karibu na Columbus Circle, Mtaa wa 59. Upper East Side iko jirani ya bustani vilevile, lakini njia ya mbio hupanda Avenyu ya Kwanza, na aliye kati ya avenyu hiyo na mto huweza kukwama kwa saa kadhaa siku hiyo.

Ukishaupata mtaa, gunia hufunguka kidogo. Katika tovuti ileile, tafuta vyumba vya kawaida kwa tarehe zilezile, mtaa uleule na nyota zilezile. Linganisha alama za wageni na orodha ya huduma: chai ya asubuhi ya bure, bwawa, maegesho, ruhusa ya wanyama. Hoteli ya nyota tatu yenye chai ya bure na bwawa ndani ya umbo dogo huwa moja au mbili tu. Umbo likiwa na hoteli thelathini za aina moja, huwezi kujua, na hapo ndipo ile hoja ya pembe mbaya inakuwa na uzito wote.

Waliokuwa wakitaja dau walikuwa na ujanja unaofunza hata leo. Walitafuta mtaa usio na hoteli hata moja ya nyota walizotaka, wakauongeza kwenye dau lililokataliwa ili wapate haki ya kutaja tena, wakijua hawawezi kupangiwa huko. Mfano: nyota nne Midtown Mashariki, dola 110, imekataliwa, ongeza mtaa mtupu, taja 118, ongeza mwingine, 126. Ulifanya kazi vizuri mpaka hoteli mpya ya nyota nne ilipofunguliwa kwenye mtaa uliodhaniwa mtupu, au iliyokuwa na tatu u nusu ilipopandishwa. Basi unaamka na chumba kwenye mtaa ambao hukuutaka, na kadi imekatwa. Kila mtaa unaouwekea alama ni mtaa uliokubali kulala.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Kodi ya chumba New York ni asilimia 14.75 pamoja na dola 3.50 kwa kila usiku. Hoteli nyingi za Manhattan zina ada ya lazima, huitwa ya huduma au ya kituo. Chumba cha dola 150 chenye ada ya dola 35 huishia karibu dola 216. Tangu tarehe 12 Mei 2025 kanuni ya serikali kuu inawalazimu wauzaji kuingiza ada za lazima katika bei tangu mwanzo, lakini kodi bado inaweza kuonekana mwishoni. Linganisha mitaa kwa jumla ya mwisho. Teksi ya JFK nayo ina bei moja ya dola 70 kwa Manhattan pekee, mbali na ushuru wa barabara na bakshishi. Ukilala Queens unalipa kwa mita.

Viza ikiwa haijagongwa, usiguse vyumba hivi. Fomu ya maombi huuliza utakapofikia, na wapo wanaonunua chumba ili wapate anwani ya kujaza. Maafisa wa viza wenyewe husema usifunge safari kabla ya kupewa. Chumba kisichorudishiwa ni hasara yako. Tumia kwanza chumba kinachoweza kufutwa bure, kisha ununue cha kufichwa viza ikishatoka, na ukumbuke kufuta kile cha kwanza kabla ya muda wake.

Kadi ya M-Pesa ya mtandaoni hulipia chumba bila shida, lakini mapokezi wanataka kadi ya plastiki ya kushikilia amana, yenye jina lililo kwenye pasipoti. Asiyekuwa nayo hubaki sebuleni na masanduku yake. Na ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hutua JFK asubuhi, wakati vyumba hutolewa kuanzia saa tisa au saa kumi alasiri. Mizigo watakuwekea. Hoteli ikiwa mbali na unakokwenda utaufuata mzigo huo jioni, umechoka, ukiwa hujalala tangu Embakasi.

Wako,
Msomaji, Mombasa