Shukrani kutoka kwa watoto wa Mama Sista, Lamu

Assalam aleikum jamaa, majirani na marafiki. Sisi watoto, wajukuu na vitukuu wa marehemu Mama Sista twasema asanteni sana kwa kutusaidia kumzika, tumechelewa kidogo mtusamehe, nyumba ilikuwa haipungui watu, na tulipokaa kuandika majina tukapita mia tukaacha, maana ukimtaja huyu ukamsahau yule mzee wa Matondoni aliyekuja na samaki wake wawili kwenye kikapu utakuwa umemvunja moyo.

Ila boti lazima tuiseme. Mama alifia Mombasa usiku, tukaja naye Malindi, Garsen, Witu, hadi tufike Mokowe kwenye boti za kuvukia Lamu ni saa nane mchana na maji yashaanza kupwa, nasi roho juu kuwa alasiri itatupita. Nahodha alikuwa keshajaza abiria. Alipoambiwa ni nani amelala kwenye jeneza hakusema kitu, abiria wenyewe ndio walioanza kushuka, na mikono iliyombeba kumtia botini ni ya watu hatuwajui mpaka leo. Kutoa nauli nahodha akakataa, akasema huyu ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, nimtoze pesa?

Mama kaondoka na miaka 86 kwa hesabu ya kitambulisho, mwenyewe akishikilia kuwa karani alimuongezea miwili. Alisomea uuguzi Nairobi hospitali ikiitwa bado King George, kabla haijawa Kenyatta, wakati mtoto wa kike wa Lamu kwenda peke yake bara ni maneno mtaa mzima. Huko ndiko alikokutana na marehemu baba, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la wakati wa mkoloni) ambayo baada ya uhuru ikawa Kenya Rifles, na tangu hapo maisha yakawa ni kufunga na kufungua mizigo, Gilgil, Nanyuki, Lanet, Wajir, hata Aldershot Uingereza baba alipopelekwa kozi, akaenda na kopo zima la iliki kwa sababu aliambiwa chai yao haina ladha (alirudi akithibitisha). Kila kambi alikuwa akitafuta zahanati kabla ya kutafuta pazia. Wajir ndiko alikopapenda, alichanja ndui miaka ile ya sabini, ile sindano ya ncha mbili kama uma mdogo, adunge mara kumi na tano pale pale begani, na ndui ilipokuja kumalizikia Merka kule Somalia 1977 alisema na mimi mkono wangu umo.

Siku ya tatu tukafungua sanduku lake la chuma, la kijani, lenye namba ya jeshi ya baba. Juu ilikuwa ile saa yake ya kubana kifuani, imesimama. Chini sanda, ashainunua mwenyewe na kuitia udi, na leso iliyofungwa pindo, ndani noti sita za elfu na kikaratasi, "ya boti na wachimba kaburi, msikope." Jamani, zote zile za zamani zilizofutwa 2019! Tulilia, kisha dada mkubwa akaanza kucheka, tukacheka sote.

Kuna ofisi moja ilituzungusha na karatasi asubuhi nzima maiti ikingoja, jina lake hatulitaji. Lakini walioosha, waliochimba, vijana wa masufuria, kina mama waliokoroga pilau siku tatu na macho mekundu kwa moshi, masheikh waliomswalia na kusoma hitma, mliochanga kwa simu kutoka Malindi, Mombasa, Muscat mpaka Toronto, Mola awalipe kwa niaba yetu.

Hitma ya arubaini itakuwa hapo hapo nyumbani baada ya isha, siku tutawajulisha. Na mwenye kumdai mama, hata shilingi kumi, aje bila haya. Jana kaja muuza mahamri, alikuwa akidai sitini, tumemlipa, na amemuachilia.