Ukishuka Uhispania, usikubali kuchaguliwa flamenco na mtu wa vipeperushi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nikiandika mengi univumilie manake hili jambo limenikaa moyoni kitambo. Vijana wengi wa huku kwetu, Malindi, Kilifi hadi Mombasa, siku hizi wanapata kazi kwenye meli za watalii, na hizo meli zikiingia Mediterania mara nyingi zinapiga Barcelona, Málaga ama Cádiz, sa kila kijana anayeshuka mara ya kwanza swali ni lilelile, bro flamenco, ile sanaa yao ya kuimba, gitaa na kucheza, naiona wapi. Na jibu anapewa na yule jamaa aliyesimama nje ya geti la bandari na vipeperushi mkononi. Hapo ndo roho inaniuma.

Mimi kabla sijaenda melini nilikuwa mcheza ngoma wa hoteli hapahapa Malindi, miaka 6. Njuga miguuni, akina dada na hando zao, zile sketi za Kigiriama, kayamba, ngoma tatu, pikapu inatuchukua Muyeye saa moja jioni, hoteli ya kwanza dakika 20 kando ya swimingipuli, turuke tena kwenye pikapu, hoteli ya pili dakika 20, wakati mwingine mpaka ya tatu. Meneja anatwambia toeni zile za kasi, mwanzele hapana, mwanzele inalaza wageni. Na mwanzele yenyewe si unaijua, kwetu matangani inaanza polepole, kayamba peke yake, mtu anatunga maneno palepale ya marehemu na ya sisi tuliobaki, watu wanaitikia, inaenda usiku kucha. Hiyo hotelini hatukuicheza hata siku moja. Na mwisho lazima tushuke tuwavute wageni kwa mkono wacheze na sisi wapigwe picha. Silaumu mtu, zile pesa zilimsomesha mdogo wangu mpaka akamaliza fomu foo. Lakini mgeni alikuwa anarudi kwao akisema ameona ngoma ya Wagiriama, na alichoona ni kipande cha mwisho cha kitu ambacho mwanzo wake hakuonyeshwa.

Sasa mara yangu ya kwanza Barcelona. Tulishuka watatu, tuna masaa machache tu kabla ya kurudi kazini, tukanunua tiketi kwa mtu wa barabarani, shoo na chakula pamoja. Tukaingia ukumbi mkubwa kama wa harusi, meza ndefu, paella, ule wali wao, jagi la sangria, mvinyo wa matunda, maweita wanapita na sinia mbele ya steji huku mtu anacheza, spika zinapiga kelele, na nyimbo mbili hazikuwa na mwimbaji kabisa, zilitoka kwenye kompyuta. Nikasema labda ndo ilivyo. Halafu mwishoni yule dada mchezaji akashuka chini na gauni lake jekundu akaanza kuvuta wageni kwa mkono, mmojammoja, huku anatabasamu. Nikaganda. Ule mkono naujua, nimeuvuta mimi miaka 6.

Na yule dada alikuwa anajua kucheza, hilo nataka lieleweke. Nilimwangalia miguu. Kuna sekunde kama 30 hivi alisahau wageni, kisigino na kidole vinapishana mpaka mbao zikaongea, mpiga gitaa akamgeukia, halafu akakumbuka muda akakata. Si kwamba hawezi, mahali ndo palimnyima nafasi.

Nikarudi melini nikamweleza mwenzangu wa jikoni, mpishi, mzaliwa wa Jerez de la Frontera, kwao ndo kwenyewe. Akaniuliza swali moja tu, nani aliimba? Nikawa sina jibu. Akasema basi bado hujaona. Akanifundisha kwamba flamenco wao wenyewe wanaihesabu kwa kuanza na cante, yaani uimbaji, ndo ije toque ya gitaa na baile ya kucheza, na makofi, palmas, ni ala kamili yenye watu wake sio mapambo. Sisi wageni tunakimbilia gauni na viatu, wao wanamsikiliza mzee aliyekaa kwenye kiti ameshika magoti. Na akaniambia wasanii wengi wanazunguka, mtu huyohuyo unaweza kumkuta saa moja jioni kwenye ukumbi wa wali, na saa tano usiku yuko mahali pengine anafanya vitu vya kukutoa machozi. Kwa hivo cha kuchagua ni mahali ambapo msanii anaachiwa nafasi ya kufanya kazi yake.

Ndo kuanzia hapo nikaanza kutafuta kwa akili.

Meli yetu msimu uliofuata ililala Cádiz usiku wa Ijumaa. Cádiz bandari iko mjini kabisa, unashuka unatembea, hakuna teksi, na mtaa wa Santa María uko hapo karibu, ni mtaa wa zamani wa flamenco, nyumba zimebanana kama mji wa kale wa kwetu. Wana vilabu wanaviita peña, ni chama cha wapenzi wa flamenco wenyewe, wanachama wanalipa ada yao, wanaita waimbaji, mgeni anaruhusiwa kuingia siku za shoo. Mmoja unaojulikana sana Cádiz unaitwa La Perla, umepewa jina la mwimbaji wa kike wa hapohapo, na uko kando ya bahari. Mwenzangu akanipeleka kwenye peña. Viti vya plastiki, picha za wazee ukutani, watoto wanakimbia, saa tatu unusu hakijaanza kitu, saa nne kikaanza. Tukapewa alegrías, ambazo ni za Cádiz, za furaha, makofi yanakimbia. Baadaye mzee mmoja akasimama peke yake. Gitaa likawekwa chini. Akaimba martinete, ni wimbo wa wahunzi, hauna gitaa, zamani ulikuwa unaendana na nyundo na fuawe, wimbo wa watu waliofungwa na waliofanyishwa kazi, wengi wao Wagitano, wale Waroma wa Uhispania, ambao mwaka 1749 serikali iliamuru wakamatwe nchi nzima, wanaume wakapelekwa kazi za kulazimishwa. Maneno sikuelewa hata moja. Lakini ile namna anavuta neno moja mpaka linakaribia kukatika, na watu wamenyamaza kabisa, mmoja tu nyuma anasema ole kwa sauti ya chini, mimi nilikuwa niko matangani kwa babu yangu. Nililia, na mwenzangu hakusema kitu, alinisogezea glasi ya maji tu.

Kiingilio chake hakikufika hata robo ya ile paella.

Sa kwa wale wanaoniuliza. La kwanza kabla ya kutoa pesa uliza nani anaimba leo. Mahali pazuri watakuonyesha majina, mwimbaji, mpiga gitaa, mchezaji, tena majina yanabadilika usiku hadi usiku. Akikwambia ni shoo ya kitamaduni kuna kila kitu, ondoka. Uliza pia kama chakula ni lazima. Kumbi za shoo wanaziita tablao, ni zile mbao za jukwaa zimeupa ukumbi jina, na zilichukua nafasi ya mikahawa ya kuimbia ya karne ya 19, kwa hivo watu kunywa na kula wakisikiliza sio jambo geni na sio kosa. Kule Madrid kuna Corral de la Morería ya tangu 1956, ina mgahawa wenye nyota ya Michelin, ile tuzo kubwa ya mapishi, na bado wasanii wakubwa wanapita hapo. Shida ni pale chakula kinapokuwa ndo biashara na msanii ni kama chumvi mezani. Kwa mfuko wa mfanyakazi wa meli mi nasema nunua shoo tupu, kula kabla, mkate na samaki mahali popote.

Ukumbi uwe mdogo. Hili sitaki ulichukulie juujuu. Ukikaa mstari wa tatu unasikia pumzi ya mchezaji na kisigino kinakuja kupitia mbao mpaka kwenye kiti chako, ukikaa mstari wa 30 unaona gauni. Sevilla nilipomaliza kontrakti nilikaa siku nne, nikaenda Casa de la Memoria, pale hawatumii maiki kabisa na hakuna chakula, watu wanaombwa wasipige picha mpaka mwisho, tiketi nililipa kama yuro 25. Kuna Los Gallos uwanja wa Santa Cruz, ipo tangu 1966. Kuna jumba la makumbusho la kucheza flamenco lililoanzishwa na Cristina Hoyos, mchezaji mwenyewe mkubwa, na hapo wana shoo za mapema jioni, jambo zuri kwa sisi ambao meli haisubiri mtu. Kutoka Cádiz kwenda Sevilla kwa treni weka zaidi kidogo ya saa moja na nusu, Jerez ni karibu zaidi, chini ya saa moja. Jerez mi ndo ningekwambia nenda kama una siku moja tu, ndo nyumbani kwa bulerías, aina ya flamenco ya kasi, mitaa ya Santiago na San Miguel imetoa waimbaji vizazi na vizazi, na kuna vilabu vya mvinyo vinaitwa tabanco ambapo wanaimba karibu kabisa na meza yako, El Pasaje ni ya tangu 1925. Mi nilikunywa soda na hakuna aliyeniuliza.

Barcelona nayo watu wanaidharau, wanasema Katalunya, jimbo lake, sio kwao flamenco. Mi nilishasema hivo baada ya ule usiku wangu na nilikosea. Carmen Amaya, yule mchezaji aliyecheza kwa miguu mpaka dunia ikanyamaza, kazaliwa Somorrostro, mtaa wa mabanda ufukweni hapohapo Barcelona, na watu wa Andalusia, kule kusini kwenye Cádiz, Sevilla na Jerez, walihamia huko kwa wingi kutafuta kazi, wakaja na nyimbo zao. Kwa hivo flamenco nzuri ipo, ila uitafute wewe, kwa intaneti siku mbili kabla, usisubiri kupewa karatasi pale La Rambla. Yule mwenye karatasi analipwa kamisheni kwa kila kichwa, na sisi wa Malindi kamisheni tunaijua, mabichi boi wetu ndo maisha yao.

Granada, ukishuka Málaga na meli inalala, ni kama saa moja na nusu hadi mbili kwa basi, na mapango ya mtaa wa Sacromonte, ambamo shoo zinachezwa ndani, ni mazuri kwa macho, kuta nyeupe, viti vimepangwa pembeni unakaribia kuguswa na gauni. Lakini nyingi zinauzwa na pakeji ya minibasi na glasi ya mvinyo, na minibasi lenyewe linasubiri nje, kwa hivo lile swali la nani anaimba pale uliulize mara mbili.

Jingine la kuomba sana, ukiwa ndani usipige makofi kufuata. Najua mkono unawasha, sisi ni watu wa ngoma. Lakini bulerías na soleá, aina nyingine ya polepole, zinahesabiwa mapigo 12 na mikazo yake haikai sawasawa, inaangukia la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12, na ukumbi mzima ukianza makofi ya kwaya mchezaji anapotezwa. Nimeona mpiga gitaa akifumba macho kwa uchungu. Wewe sikiliza, piga mwisho.

Flamenco iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya mila za dunia mwaka 2010. Mila za kaya zetu za Mijikenda, ile misitu yetu mitakatifu, ziliingia 2009, tena kwenye ile orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka. Mwenzangu wa Jerez nilipomwambia hilo alikaa kimya kidogo halafu akaniuliza, sasa mimi nikija Malindi niende wapi?

Anakuja Disemba. Hoteli ameshabuku, na wameshamwandikia kwamba Jumamosi kuna ngoma kando ya swimingipuli baada ya dina. Nimempigia mjomba wangu wa Ganda, nimemuuliza nani anaimba mwaka huu, akanitajia majina matatu. Jumamosi hiyo tutapanda bodaboda saa mbili usiku twende huko, na nimemwambia abebe sweta manake tutarudi asubuhi.

Mcheza ngoma wa zamani,
Muyeye, Malindi