YAH: KUUZIWA BOKSI LA ABS AMBALO GARI HALIKULIHITAJI

Kwa Meneja wa Huduma,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilileta gari kwenu likiwaka taa ya ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki, baada ya mvua zilizojaza maji Jangwani. Fundi wenu alichomeka mashine ya kupimia, ikasoma namba ya hitilafu U0121, na kabla sijakaa vizuri kwenye benchi nikaambiwa, "Bosi, kontroli boksi imekufa." Nikalipa shilingi 850,000 za boksi yuzdi, ufundi mbali. Wiki haikuisha, taa ikarudi na namba ileile. Nilipowapigia simu nikajibiwa kuwa mambo ya umeme ndivyo yalivyo.

Sivyo yalivyo. Hitilafu za injini huanza na herufi P, za breki na usukani C, za bodi B. U ni ya mtandao wa mawasiliano. U0121 inasema vifaa vingine vya gari havipati taarifa kutoka kwenye boksi la ABS. Haisemi kwamba boksi limekufa. Mtu asipopokea simu huenda chaji imemwishia au yupo pasipo na mtandao. Hatuanzi kumchimbia kaburi.

Fundi umeme mmoja wa Ilala alianza na betri, kwa sababu volti zikishuka, vifaa hupotezana na namba za U hujitokeza. Betri ilikuwa nzima. Akaichomoa, akaweka mita kwenye pini ya 6 na ya 14 za soketi ya kupimia, zinakotokea waya mbili za CAN, yaani mtandao huo wa mawasiliano wa gari. Kila mwisho wa mtandao huo una rezista (kipunguza umeme) ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba hutoa nusu, kwa hiyo mita hutakiwa kusoma karibu omu 60. Ilisoma 120: upande mmoja umekatika. Kwenye gari langu, upande huo unaishia ndani ya boksi la ABS. Alipofungua plagi yake akakuta pini zimeota kutu ya kijani. Akabadilisha pini, mita ikashuka hadi 60, akafuta namba ya hitilafu. Taa haijawaka tena.

Kinachonikera zaidi ni kwamba plagi hiyohiyo ndiyo fundi wenu aliyoichomoa ili afunge boksi mliloniuzia. Kutu aliiona kwa macho yake, akaichomekea palepale.

Nataka mnirudishie fedha za boksi pamoja na za ufundi. Boksi langu la awali, ambalo mlibaki nalo bila kuniuliza, nalo lirudi. Nikishalifunga na likafanya kazi, lenu njooni mlichukue. Risiti mliyonipa ni ya kuandikwa kwa mkono, hivyo naomba pia ya EFD yenye kiasi halisi nilicholipa.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, pamoja na zile pini, ambazo nimezihifadhi.

Wenu,
Mteja, Tabata