Mzazi anayetaka kutoa taarifa aende wapi?

Mhariri,

Kila damu inapomwagika huku kusini, viongozi hupanda jukwaani na kutuambia: "Wananchi, toeni taarifa." Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Naishi Nanyamba, na miaka yangu mingi ya kazi nimeimaliza katika vijiji vya bonde la Ruvuma. Naomba nafasi nieleze kwa nini taarifa hizo, za vijana wanaokwenda kujiunga na wenye silaha, hazitoki.

Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto kutoka Msumbiji wakaingia Kitaya, kata iliyo ndani ya halmashauri yetu. Waliua, wakachoma nyumba. Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, alisema walikuwa kama 300. Kwa muda tulijifariji kwamba hayo ni mambo ya Msumbiji. Lakini polisi hao hao walitangaza kuwakamata Watanzania waliokuwa njiani kwenda kujiunga na kundi lile. Hao ni watoto wetu. Wamekaa kwenye madawati yetu, wamechezwa jando na wenzao, na wenzao wa rika wanajua nani kaondoka na nani alikuja kumchukua.

Namjua mama mmoja ambaye mwanawe nilimfundisha kuanzia darasa la tatu. Ukimuuliza kijana yuko wapi, anasema kaenda machimbo. Zamani jibu hilo lilitosha. Vijana wengi wa huku walikuwa Montepuez, Msumbiji, wakichimba rubi, mpaka mwanzoni mwa 2017 Msumbiji ilipowafukuza Watanzania kwa maelfu, wakarudi mikono mitupu. Oktoba mwaka huo vita vikaanza Mocímboa da Praia, mji ulio jimbo hilo hilo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto. Sisemi waliofukuzwa ndio waliochukua bunduki. Wengi wao ninawaona hapa, wanaendesha bodaboda na kulima mikorosho yao. Ila mama huyu bado anasema machimbo, na siku moja tukiwa wawili aliniambia: "Mwalimu, nikimtaja watamuua. Nikinyamaza, huenda akarudi."

Nilikosa la kumjibu. Ningemwelekeza wapi?

Sisi watu wa kusini tuna kumbukumbu. Mei 2013, baada ya bajeti ya wizara ya nishati kusomwa bungeni, Mtwara mjini paliwaka moto kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na wanajeshi wakaletwa mitaani. Kati ya 2015 na 2017, wenyeviti na watendaji wa vijiji walikuwa wakipigwa risasi Kibiti, Rufiji na Mkuranga, kwenye barabara yetu hii ya kwenda Dar es Salaam. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mpigo mmoja pale Jaribu. Naumia kwa kila mmoja wao, na familia zao zilistahili haki. Lakini baada ya hapo zipo familia zinazosema waume na vijana wao walichukuliwa na hawajaonekana hadi leo. Habari za namna hiyo husafiri na mabasi. Mama wa Nanyamba anazijua, na anapopima amwambie nani habari za mwanawe, hizo ndizo anazozikumbuka.

Halafu kuna jambo la mashtaka yenyewe. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa mahabusu kwa miaka kwa tuhuma za ugaidi, hadi Juni 2021 kesi yao ilipofutwa bila kufika hukumu. Mwezi uliofuata Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, akakamatwa na kushtakiwa makosa ya ugaidi; Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaifuta kesi na Mbowe akaenda nyumbani. Mimi si mwanachama wa chama chochote. Ninachosema ni kwamba, mwananchi akishaona shtaka zito kama hilo likitumiwa hivyo, hata siku anapotajiwa gaidi wa kweli haamini. Na vurugu za siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, na intaneti kuzimwa tusijue ndugu zetu wa Dar es Salaam wako hai au la, zimeongeza umbali uliokuwapo kati ya raia na kituo cha polisi. Tume iliyoundwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipewa kazi ya kuchunguza yaliyotokea. Kwangu mimi kazi ngumu zaidi iko vijijini, ambako mtu anajiuliza kama ni salama kusema anachokijua.

Ng'ambo ya mto walionywa mapema. Kabla ya 2017, viongozi wa Kiislamu wa Cabo Delgado waliiambia serikali kwamba kuna vijana wamejitenga, wanaswali peke yao, wanawakataa masheikh na kuwakataza watoto shule. Kama kungekuwa na mtu wa kuwafuata vijana wale wakati bado wanabishana tu msikitini, nani ajuaye. Mwalimu huliona jambo hilo mapema: mtoto anaanza kukosa, daftari linabaki tupu, marafiki wanabadilika. Silaha huja mwisho kabisa.

Ninachopendekeza tumeshakifanya mahali pengine. Zamani mwanamke aliyepigwa na mumewe akifika kaunta ya polisi aliulizwa mbele ya watu wote umemkosea nini mwenzio. Yalipokuja madawati ya jinsia na watoto, akapata chumba chenye mlango unaofungwa na askari aliyefunzwa kumsikiliza, na wanawake wakaanza kwenda. Sheria ya kumshtaki anayepiga ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mahali pa kusemea.

Kwa mzazi mwenye kijana anayepotea, mahali hapo pawe kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akisaidiwa na sheikh na mwalimu wanaoaminika kijijini. Taarifa ianzie kwao. Kijana ambaye hajaua mtu, aliyerubuniwa au aliyetoroka njiani, ahojiwe mzazi wake akijua alipo, na awe na njia ya kurudi kwenye kazi. Aliyeua apelekwe mahakamani, hadharani, kesi isikilizwe na iishe. Wala tusitangaze msamaha wa haraka haraka. Kenya ilifanya hivyo Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa: vijana walipewa siku kumi wajisalimishe, muda ukaongezwa, lakini baadhi ya waliorudi pwani waliishia kuuawa, na wengine wakaogopa kujitokeza.

Hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji maofisa ustawi wa kutosha. Kata zetu nyingi hazina hata mmoja, na aliyepo wilayani hana pikipiki ya kumfikisha mtoni. Nawaomba madiwani wa Nanyamba, Tandahimba na Newala walipeleke jambo hili kwenye mabaraza yao kabla bajeti haijafungwa, na wamwalike mkuu wa polisi wa wilaya aje aseme, mbele ya wazazi, atamfanya nini kijana atakayeletwa na mama yake mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Nanyamba, Mtwara