Jiwe la mizani nalo lina isnadi

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Nimeyafuatilia mabishano yaliyozuka katika ukurasa wako wa barua. Kijana mmoja wa Unguja aliandika kwamba dini ni kuamini na sayansi ni kujua, na kwamba yeye hakubali ila kilichopimwa. Akajibiwa na ustadhi mmoja, tena kwa ukali, kuwa sayansi ni dhana za watu tu, leo wanasema hili na kesho lile. Mimi nilikuwa mkaguzi wa vipimo hapa Pemba hadi nilipostaafu, na chuoni nilisomeshwa fikihi na mwalimu asiyemruhusu mtu kusema "imepokewa" bila kutaja imepokewa kwa nani. Kwa hiyo wote wawili nina neno nao.

Nianze na kijana. Hicho kilichopimwa, kimepimwa kwa kitu gani? Msimu wa karafuu, mkulima wa Konde akifika kituoni na gunia lake, macho yake yote yako kwenye mizani. Kazi yetu sisi ilikuwa kuifikia mizani ile kabla yake, na sanduku la mawe ya ukaguzi. Mawe yale hayashikwi kwa mkono mtupu, maana jasho la vidole nalo ni uzito. Tukiweka la kilo 20, mizani iseme 20. Ikisema vyengine, inafungwa. Mkulima akiona muhuri wetu huridhika. Hajapima chochote yeye. Ametuamini sisi.

Na sisi tulimwamini nani? Mawe yetu yalilinganishwa na mawe bora zaidi, na hayo na mengine yaliyo juu yake, ngazi kwa ngazi, mpaka nje ya nchi, mpaka Sèvres karibu na Paris. Huko kuna kipande cha platini iliyochanganywa na iridiamu, kimo chake milimita 39 na upana wake hivyo hivyo, kimefunikwa kwa vioo vitatu. Tangu mwaka 1889 hicho ndicho kilichokuwa kilo. Sasa mtu akiuliza hicho nacho kilipimwa kwa jiwe gani, jibu ni kwamba tangu hapo hakikuwa na jiwe la juu yake la kukipimia. Kilikuwa kilo kwa sababu mataifa yalikubaliana kuwa ndicho kilo, na ngazi haikuwa na kipago kingine juu ya hapo.

Katika mambo yote ya kazi yangu, kisa cha jiwe hilo ndicho ninachokipenda zaidi. Lilikuwa na nakala zake, nyengine palepale na nyengine katika nchi mbalimbali. Walipozilinganisha baada ya miaka mingi, waliona nyingi zimeachana na jiwe kuu, tofauti ikikaribia mikrogramu 50 katika muda wa karne moja. Ni kidogo mno, hata dukani kwa sonara huwezi kuiona. Lakini je, nakala ndizo zilizonenepa au jiwe kuu ndilo lililokonda? Kwa kanuni ya wakati ule swali halikuwa na pa kushika, kwani jiwe kuu hata likikonda, litakavyokuwa ndivyo kilo itakavyokuwa. Wataalamu wakubwa kabisa wa vipimo duniani waliishi na jambo hilo, na kazi zao zikaenda vizuri.

Tuje kwa ustadhi. Yeye bila shaka anakijua kisa cha Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa na kadhi mkuu wa Harun al-Rashid. Watu wa Iraq walikuwa wakihesabu pishi ya Mtume (S.A.W.) kuwa ratli 8. Abu Yusuf alipofika Madina, vitabu vinasimulia, wakamjia wazee, kila mmoja na pishi yake chini ya shuka, huyu anasema nimeipokea kwa baba yangu, yule kwa ndugu zake, kwamba hii ndiyo pishi ya Mtume. Akazipima, akazikuta zinalingana, kiasi cha ratli 5 na thuluthi. Akaiacha kauli ya mwalimu wake, ile ya ratli 8. Ustadhi, ule ulikuwa ukaguzi wa vipimo! Kulikuwa na isnadi, yaani mlolongo wa waliopokezana, kulikuwa na kulinganisha, na kulikuwa na mtu mwenye cheo aliyekubali kurudi nyuma alipoonyeshwa.

Maimamu wa hadithi kama Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hawakuchukua neno kwa sababu tu limesemwa. Waliuliza kama mpokezi ni mkweli, kama hifadhi yake ni nzuri, kama kweli alikutana na aliyempokea. Na habari ikija kwa njia nyingi za watu wasioweza kuambizana, ilipata nguvu. Wanasayansi walipotaka kuliacha jiwe la Sèvres walishika njia hiyo hiyo. Hawakuridhika na jaribio moja. Baadhi ya maabara zilitumia mizani inayolinganisha uzito na nguvu za umeme, nyengine zikahesabu atomi ndani ya tufe la silikoni, na walisubiri hadi njia hizo mbili zisizohusiana zilete jibu linalokubaliana. Ndipo wajumbe wa mataifa wakapiga kura Versailles tarehe 16 Novemba 2018, na tarehe 20 Mei 2019 jiwe likastaafu, tena bila kiinua mgongo. Kwa hiyo ustadhi anaposema "leo hili, kesho lile", ajue kati ya leo na kesho hiyo walikesha watu wengi.

Siku hizi kilo inatokana na nambari ya fizikia inayoitwa konstanti ya Planck. Je, tumefika chini kabisa? Bado tunachukulia kwamba nambari hiyo ni ile ile Sèvres na Wete, jana na mwakani. Mwanachuoni wa Kiislamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuuliza: unaona pamba ikiungua inapogusana na moto, lakini umeona wapi kwamba haina budi kuungua? Zaidi ya miaka 600 baadaye mwanafalsafa Mskochi David Hume akarudi kwenye swali hilo hilo kwa njia yake. Mmoja alikuwa akimtetea Mola wake, mwengine hakuwa mtu wa dini, na hakuna aliyewajibu kwa kupima, kwa sababu kila kipimo kinaanza kwa kukubali kwamba kesho itafanana na jana.

Sisemi kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja. Kilo tumeibadili kwa kura. Pishi ya Madina hakuna mkutano unaoweza kuibadili. Tunachoweza kuuliza ni kama imetufikia sawasawa. Hapo njia zinaachana, na mtu anayezichanganya, awe kijana au ustadhi, anaharibu zote mbili.

Nina ombi. Kila Ramadhani tunatangaziwa zaka ya fitri kwa kilo, wengine mbili na nusu, wengine tatu, na watu wanagombana mpaka milangoni mwa misikiti. Pishi ni ujazo na kilo ni uzito. Mchele wa aina tofauti hautoi kilo sawa kwa pishi moja. Masheikh na wakaguzi wa vipimo wakae meza moja kabla ya Shaabani kwisha, wapime kwa pishi michele inayouzwa katika masoko yetu, na watangaze nambari pamoja na namna walivyoipata. Kijana na ustadhi nao waalikwe, mmoja ajaze, mmoja asome mizani. Pishi ninayo, ya mninga, ya marehemu baba. Ila nayo ikaguliwe kwanza.

Wako,
Mkaguzi mstaafu wa vipimo
Wete, Pemba