Pensheni kwa wazee wote, si Zanzibar tu

Ndugu Mhariri,

Jirani yangu hapa Mbagala ana miaka 74. Kila alfajiri anapanga mafungu ya mchicha barazani, hela anazifunga kwenye pindo la kanga. Mwezi uliopita alilazwa, bili tukailipa majirani kwa kuchangishana kwenye simu, huyu elfu mbili, yule elfu tano. Tunajisifia undugu huo, na mimi nimo, lakini asiye na jirani mwenye salio je?

Angekuwa mkazi wa Unguja, hapo tu ng'ambo ya maji, angepata pensheni. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, awe aliwahi kuajiriwa au la, kwa kuanzia Sh20,000 kwa mwezi. Kidogo, ndiyo. Ila hakuna anayepimwa umaskini wake kwanza. Huku Bara TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia maskini, inachagua kaya, na kila ikichagua, manung'uniko mtaa mzima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 naipongeza, lakini bima hainunui unga.

Kama fedha ni chache, Serikali ianze na wenye miaka 75. Jirani yangu atavumilia mwaka mmoja, ameshazoea kusubiri.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam